Kijiti cha Kupimia Joto

Lundo lina siku tano nyuma ya banda, huku Uru Shimbwe,
chini ya migomba ambayo mfongo umeisahau tangu Januari.
Nimelitandika kama kitanda cha mgonjwa:
mabua ya mahindi chini, yapate kupumua,
alizeti pori mbichi, samadi ya ng'ombe wetu mmoja,
machicha ya mbege kutoka kwa jirani,
majivu kidogo, udongo wa kunyunyizia tu,
kisha nikalifunika majani makavu ya mgomba
nikachomeka kijiti hadi moyoni.

Kila alfajiri nakichomoa.
Nakilaza shavuni
kama ninavyomgusa Aikande paji la uso akikohoa.
Kikiwa na moto, lundo li hai.
Kikipoa, kuna nililolinyima: maji, au hewa,
au subira.

Kundaeli hucheka mlangoni, mswaki mdomoni:
"Mke wangu mganga, anapima homa ya takataka."
Yeye ana daftari la duka la pembejeo, Moshi mjini,
mifuko minane kwa mkopo,
na kahawa iliyochanua vizuri msimu wa kwanza,
wa pili ikajikaza,
wa tatu ikasimama tu, kama mgeni asiyepewa kiti.
Udongo wake ukiufikicha unalia kama mkaa.
Nimechimba futi mbili. Nyungunyungu hata mmoja.

Siku ya tisa kijiti kikatoka baridi.
Sikulala.
Kulipokucha nikalipindua peke yangu, la juu chini, la ndani nje,
nikalinywesha ndoo mbili za mkojo wa ng'ombe uliochacha,
nikanuka hivyo hadi kanisani.

Ya kumi na mbili: vuguvugu.
Ya kumi na nne nilikiachia haraka. Kimeniunguza!

Leo nimekikuta upande wa mashariki.
Mimi huchomeka magharibi.
Na nyayo za malapa kwenye umande, kubwa,
zimekuja, zimesimama kitambo, zimerudi.
Kwenye ncha, jani la isale limefungwa fundo,
lile ambalo Mchagga hakatai likiletwa.

Sikuuliza ananiomba radhi mimi
au anauomba udongo.
Nimeegemeza uma wa pili kwenye mgomba,
ule wenye mpini mrefu,
nikaingia jikoni kubandika uji.