Ghala Namba Saba, Kibaigwa

"Panya wameguguna waya," akasema Sechelela,
magoti chini nyuma ya magunia ya alizeti,
tochi ya simu kaibana kwa meno,
na ubao wa bei umeganda kwenye bei ya juzi.
Nje madalali wanagonga mlango.
Mimi karani, nimeshika koleo, sina kazi ila kuuliza.

"Ujumbe hausafiri mzima.
Hukatwa vipande, pakiti,
kama mahindi ya Kiteto yasiyoenea lori moja.
Kila gunia na namba yake, atokako, aendako.
Lori hili litapita Kongwa mjini,
lile litakata Pandambili kukwepa mizani.
La tisa laweza kufika kabla ya la tatu,
mpokeaji hagombi, anapanga.
La sita likikosekana anatuma neno: la sita sijaliona.
Linaletwa lingine.
Huyo ndiye TCP, mtu wa risiti."

"Na UDP?"
Akacheka, tochi ikaanguka.
"Huyo ni spika ya gari la mnada.
Inasema, inapita. Umesikia, hukusikia, shauri yako.
Ndiyo maana ina mbio.
Lakini TCP hashushi mzigo bila salamu, kama Mgogo:

*Mbukwenyi.*
*Mbukwa, nawe wanisikia?*
*Nakusikia.*

Mara tatu. Hapo ndipo turubai hufunguliwa.
Nipe koleo."

Akamenya waya: nyuzi nane, rangi rangi,
akazipanga kwa kucha kama msusi.
"Wewe husema ghala la Mama Mbeho.
Mashine haijui Mbeho ni nani,
inataka namba nne zenye nukta kati.
DNS ni yule Chiloleti muuza kahawa wa getini:
hana hata debe moja humu,
lakini anajua nani yuko wapi,
na asiyemjua, anamjua anayemjua."

"Basi tukinunua njia pana, bei zitafika upesi?"
"Geti pana hupitisha malori manne sambamba.
Dar haisogei hata hatua moja."

Nikanyamaza kidogo. Kisha nikauliza
lile lililokuwa kooni tangu mwanzo:
pakiti ikipotea njia, itazunguka milele?

"Hapana. Huzaliwa na hesabu yake,
mara nyingi sitini na nne.
Kila ruta inayoipokea hupunguza moja.
Ikifika sifuri hutupwa papo hapo,
na ruta hiyo humwandikia aliyeituma:
mzigo wako umeishia kwangu."

Kaka yangu Ndahani aliondoka na fuso la mtama
mwaka ule mvua ilipokata mwezi wa pili.
Gairo walimwona. Morogoro, labda.
Sijui alipita ruta ngapi.
Hakuna iliyotuandikia.

Sechelela akabana plagi. Kijitaa cha kijani kikapepesa.
Akaandika ping, kwanza kwa mashine yenyewe,
mia ishirini na saba, sifuri, sifuri, moja:
"Jiite mwenyewe kwanza.
Usipojiitikia, usimlaumu jirani."
Ikaitika. Akaita geti, likaitika.
Akaita Dar: milisekunde kumi na nane,
muda usiotosha kusema "ee."

Ubao ukaamka. Mahindi yameshuka shilingi hamsini kwa kilo.
Madalali wakamtukana fundi
kana kwamba panya walikuwa wanawatunzia bei.
Akakunja waya mbovu, akanipa: "Funga kuku."

Usiku zamu ni yangu.
Upepo unapuliza pumba chini ya mlango.
Naandika ping, naiacha iende yenyewe
huku nahesabu magunia, nasoma skrini kwa jicho moja:
jibu,
jibu,
muda umekwisha,
jibu.