Kurasa Kumi na Moja

Desemba ishirini na saba, Kasese.
Duka la dawa la Mbambu limefunguliwa nusu mlango;
wagonjwa wa leo ni wa tumbo tu,
pilau ya juzi iliyopashwa moto mara tatu.
Tumekalia maboksi ya dripu, watu wanne,
chai ya tangawizi katika vikombe visivyojuana.

"Haya, semeni. Nani kapewa nini?"

Ithungu kapewa jiko la gesi na mumewe aliye Juba.
Jiko, bila mtungi.
"Nalipangusa kila asubuhi," asema,
"limekaa sebuleni kama mgeni aliyekataa kula."
Tunacheka hadi mtu aliyekuja kununua dawa ya kichwa
anasita kizingitini, akidhani kakosea duka.

Masereka kapewa soksi na mama mkwe.
Jozi saba, nyeupe pe,
yeye mwenye ghala la mkaa!
Amezivaa leo, moja juu ya nyingine,
kwa heshima, asema, na kwa baridi ya mlimani.

Kisha vitabu, maana kwetu mazungumzo hayakamiliki
mpaka yafike hapo.
Mbambu husoma ya mapenzi, ndani ya daftari la chanjo;
akifika penye busu huita, "Anayefuata!"
hata kama benchi ni tupu.
Ithungu husoma ya upelelezi, akianzia mwisho:
"Duniani sijaambiwa bado nani kaniibia kuku.
Kitabuni angalau nijue mapema."
Masereka yuko kwenye kitabu cha nyuki tangu Pasaka,
na mzinga hana hata mmoja.

Changu mimi wanakijua, wamechoka nacho.
Nilikiokota Kilembe mwaka ule Nyamwamba
ulipovunja kingo ukaingia shule bila kubisha,
ukapanda rafu ya kwanza, ya pili,
ukashuka na meza za walimu.
Kilikuwa kimevimba kama mkate kwenye chai.
Ni hadithi ya mwanamke anayerudi kwao
kudai fungu lake la shamba la marehemu baba.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili
amesimama mlangoni, kainua mkono apige hodi.
Basi. Mengine yalikwenda na maji.
Miaka yote hii mkono uko juu,
na mimi, usiku mwingine, huamka nikisikiliza mlango.

Masereka akakohoa. Akatoa mfukoni
daftari la shule lililofungwa kwa karatasi ya kaki,
alama za vidole vyake vyeusi kila upande.
"Zawadi yako. Mkono wa yule mama
umeniuma mimi bega."

Kurasa kumi na moja, kwa kalamu ya buluu,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika madeni.
Nikasoma kwa sauti.
Mwanamke anabisha, tena, tena.
Kuna nyuki, bila shaka: ukurasa wa tatu mizinga kumi,
ukurasa wa tano imekuwa thelathini.
Mbambu alicheka akamwaga chai.

Ukurasa wa tisa kaka anafungua mlango.
*Ingia, dada. Ile mibuni ya bondeni ni yako.
Ilikuwa yako hata siku ya matanga.
Nilinyamaza kwa sababu wazee walinyamaza.*

Hapo Ithungu akaacha kucheka.
Sote twamjua Biira, dada yake Masereka,
aliyevuka mpaka wa Mpondwe juma lile la mazishi
akaenda kushona nguo za watu Kasindi,
na Krismasi hizi zote hajarudi.

Hakuna aliyelitaja jina.
Mbambu alijaza vikombe, hata kile kilichojaa.
Nilimaliza zile mbili zilizobaki kimoyomoyo,
nikafunga daftari.
"Umeandika nakala ngapi?"

Masereka aliinama, akaivuta soksi ya juu,
akatazama doa jeusi lililokwisha kuingia kisiginoni.
"Hiyo moja," akasema.
Halafu, baadaye sana, wakati Mbambu anahesabu vidonge:
"Niazime kidogo, nitairudisha.
Kuna basi la Bwera saa tisa."