Nyuso Tano

Kila jioni, saa moja, simu yake ililia mara moja tu,
kama kijiko kimegonga kikombe:
*Habari, Mtumiaji 0417. Leo unajisikiaje? Chagua uso.*
Nyuso zilikuwa tano, za manjano, zimepangwa
kutoka kicheko hadi kilio.
Alichagua wa katikati.
Kesho yake, wa katikati.
Wiki nzima, uso ule ule wenye mdomo ulionyooka
kama mstari wa rula.

Upande wa pili nilikaa mimi,
zamu ya usiku, chumba namba nane, chuoni Dodoma,
chini ya feni isiyoleta baridi,
inayogawa vumbi kwa haki.

Siku ya nane mtambo ukampa nyota.
*Hongera! Siku saba mfululizo! Endelea hivyo hivyo!*
Ndiyo siku aliyotoka kumzika kaka yake, Mpwapwa.
Mtambo haujui matanga.
Unajua kuhesabu.
Akanyamaza.

Tukatuma kikumbusho. Tukatuma cha pili.
Cha tatu kilikuwa na picha ya ua.
Kwenye kikao Bwana Mwaluko akataka asilimia.
Ubaoni akaandika *waliobaki*, chini yake *waliotutoka*,
akalitazama lile neno la pili,
akalifuta kwa kiganja.

Usiku huo upepo ulivuma kutokea Ng'ong'ona,
ukitafuna madirisha.
Nikazima vikumbusho. Nikaandika mwenyewe,
na makosa yangu ya herufi:

*Mbukwa. Hii siyo mashine. Naitwa Chilewa.
Upepo umeng'oa bati la jiko letu hapa Nkuhungu,
mama kalirudisha, kalikandamiza kwa jiwe. Kwenu je?*

Tiki moja.
Siku mbili, tiki moja.
Labda bando limeisha na bumu halijaingia.
Labda simu imezimwa makusudi, iko chini ya godoro.
Kuna kimya cha mfuko, kuna kimya cha moyo;
kwenye kioo vyote viwili
ni tiki moja ya kijivu.

Siku ya tatu, saa tisa usiku:

*Bati letu lipo.
Mimi ndiye niliyeng'oka.*

Kitabu cha mafunzo kina majibu kumi na mawili,
yote mazuri, yote yamepigwa pasi.
Nikaandika: *Nipo.*
Akauliza: *Upo kweli, au unajiandika wenyewe?*
Nikampiga picha chai yangu iliyopoa,
na nzi aliyekufa dirishani,
na meza, pale nilipoandika jina langu
kwa kidole, juu ya vumbi.
Akacheka kwa herufi tatu.
Kisha akaandika jina la kaka yake.
Masinjisa. Basi, hilo tu.
Kukakaribia kupambazuka
ndipo akaandika la kwake.

Ijumaa alikwenda kwa miguu yake
hadi mlango wa Dada Lechipya, mshauri,
akasimama nje nusu saa, akaingia.
Haandiki kila siku. Jumapili hupotea kabisa.
Simfukuzii tena kwa maua.
Nawaona wakulima wa Hombolo wanavyoukata mzabibu
ukabaki kisiki, mpita njia akausikitikia,
nao wakaenda zao kunywa uji.

Fomu ya mwisho wa mwezi imefika.
*Mtumiaji 0417 bado anatumia huduma?*
Visanduku viwili: Ndiyo. Hapana.
Nimeviacha vitupu.
Pembeni, kwa herufi ndogo, nimeandika:
Yupo.