Gari la Ufagio

Juu ya paa la gari langu wamefunga ufagio,
mpini wa kijani, nywele za plastiki,
haujawahi kugusa vumbi.
Ni ishara tu, waliniambia waliponiajiri:
anayeshindwa, tunamfagia.
Basi wiki tatu kila mwaka
naendesha mwendo wa jongoo
nyuma ya mtu wa mwisho.

Leo siku ya kumi na sita, milima ya Asturias,
na mtu wa mwisho ni Delfim Queirós,
namba mia moja sabini na nne.
Namjua kwa mgongo.
Uso wake sijauona vizuri,
lakini mgongo huo ningeuchagua gizani:
bega la kushoto limeshuka kidogo,
pini moja imefunguka, karatasi ya namba inapigapiga
kama inayotaka kuondoka kabla yake.

Asubuhi alikuwa mbele.
Redioni nilisikia jina lake mara mbili.
Kilomita tisini alimkingia nahodha wake upepo bondeni,
akarudi nyuma kuchukua chupa za maji, saba,
akazisokomeza ndani ya jezi, kifuani na mgongoni,
akapanda nazo kama mjamzito wa pande mbili.
Bendera hufuata upepo.
Huyu aliupokea kwa kifua.
Mlima ulipoanza, nahodha akasema ahsante,
au hakusema,
wakaenda.

Sasa ni zamu yangu.

Asilimia kumi na nne, linasema bango.
Gia yangu ya kwanza inalalamika.
Yeye hana tena gia ya kushusha,
amebaki na magoti.
Anayumba kutoka ukingo hadi ukingo,
anaishona barabara kwa uzi mbovu.
Lami imeandikwa majina kwa chokaa,
gurudumu lake linayapita herufi moja moja.
Lake halimo.
Mashabiki wanakunja viti.
Mtoto mwenye soseji anamtazama
kama mgeni aliyefika harusini
sufuria zimekwisha kuoshwa.

Kando yangu Bi Ghislaine, mwamuzi, ana saa mkononi.
"Dakika thelathini na mbili tangu mshindi afike.
Ukomo ni arobaini na moja."
Imebaki kilomita moja na robo.

Ndipo ng'ombe wakarudi.
Wa Obdulia, kumi na wawili, rangi ya karanga,
siku nzima wamezuiwa nyuma ya kamba,
na sasa wamekuja kuichukua barabara yao.
Wakasimama kwenye kona, wakacheua.
Delfim akashusha mguu mmoja chini.

Sheria inasema asisaidiwe.
Kuhusu ng'ombe haisemi lolote.
Nikazima injini, nikapanda juu ya boneti,
nikafungua kamba,
nikawafagia.
Miaka kumi na moja nimeubeba ufagio ule;
siku hiyo ulifanya kazi.
Bi Ghislaine alitazama dirisha la upande wa pili,
akihesabu mawingu, nadhani.

Alivuka mstari zimebaki sekunde nne.
Tao la mpira lilikuwa limeanza kutolewa upepo,
likamwinamia.
Mpiga picha mmoja alikuwa anafunga begi,
akalifunga.

Ningependa kuishia hapo.

Lakini kesho yake, kilomita ya kumi na mbili,
tambarare tupu, jua zuri, hakuna aliyemkimbiza,
alisimama mwenyewe,
akafungua mlango wangu, akaketi.
Uso ulikuwa mchanga kuliko mgongo.
Alibandua namba zake taratibu, pini kwa pini,
akaniwekea mapajani kama nauli.
"Yule ng'ombe mwenye kengele iliyopasuka," akauliza,
"ni wa nani?"
Nikamwambia.
Akaitikia kwa kichwa, akalala mdomo wazi,
nami, nyuma ya mwingine wa mwisho,
nikaendesha polepole
nisimwamshe.