Harufu ya Kuuzia Nyumba

Dalali alimwambia kwa simu:
"Oka kitu, Tuovi. Mnunuzi hununua kwa pua
kabla jicho halijafika jikoni."
Chema chajiuza, ndivyo isemwavyo,
lakini dalali analijua paa lile la mwaka sitini na mbili,
analijua bomba linalokoroma chini ya ngazi,
na ni Februari, Lieksa,
theluji imefukia hata namba ya lango.

Basi saa kumi na moja alfajiri taa ya jikoni inawaka.
Maziwa vuguvugu; kidole ndicho kipimajoto.
Hamira, sukari, chumvi ya kufinya,
halafu iliki. Anaitwanga mwenyewe kwenye kinu cha shaba,
maana ile ya pakiti, asema, ni vumbi lenye jina.
Punje nyeusi zinapasuka
na jiko zima linasimama wima.
Imetoka mbali, iliki,
imevuka maji yasiyojua kuganda,
ikaja kuzeekea huku
ndani ya mikate ya Jumamosi.

Anaukanda unga mpaka uache kung'ang'ania vidole,
mpaka ulainike kama ndewe ya sikio la mtoto.
Anaufunika, anausogeza karibu na joko la kuni,
auache uumuke bila kutazamwatazamwa.

Kastadi ndiyo iliyomkorofisha.
Viini vitatu, wanga, vanila, moto mdogo,
simu ikalia, akageuka mara moja,
mara moja tu,
na madonge hayakuwa yakingoja kingine.
Akamwaga. Akaanza upya.
Mara ya pili hakupokea,
hata jina la mwanawe wa Oulu lilipowaka mezani
likazimika lenyewe.

Kisha glasi.
Kitako kinene, ufa mwembamba ubavuni;
iliingia nyumba hii imejaa haradali
na haikutoka tena.
Anaichovya ungani, anabonyeza kila donge katikati,
shimo, shimo, shimo,
kumi na mawili,
kama nyayo za mnyama wa mguu mmoja
aliyevuka theluji.
Likiwa fupi, kastadi itamwagika.
Likizidi kina, chini kutaungua.
Hayo hayakuandikwa popote,
na kiganja hakiuzwi pamoja na kiwanja.

Walifika saa sita, Venla na Otso,
na binti yao Pihla, suruali ya theluji ikichuruza maji sakafuni.
Wakazipiga ngazi kwa visigino.
Wakafungua kabati, wakafunga, wakafungua.
Otso akauliza habari za bomba;
dalali akajibu na pulla ya tatu mdomoni,
kwa hiyo hakuna aliyelisikia jibu,
na huenda ndivyo alivyotaka.

Pihla alikaa chini ya meza.
Akalamba kastadi yote, taratibu, kwa ulimi na kidole,
akabakiza ukingo na shimo lake,
akatoka, akamnyooshea mwenye nyumba:
"Jaza tena."

Tuovi akasimama na kile kibakuli cha mkate mkononi.
Mama mtu akaanza kuomba radhi.
"Ngoja," Tuovi akasema,
akachukua sufuria iliyokuwa ikisubiri kuoshwa,
akakwangua pembeni, akakwangua chini,
ikapatikana.

Jioni simu ililia. Sahani ilikuwa na mbili tu,
moja imechomoka kastadi na kuwa na sharubu ya kahawia.
Ni Venla. Hakuanza na bei.
"Ile harufu ilikuwa ya nini?"
"Iliki."
Kimya. Nyuma yake, sauti ndogo ikidai kitu.
"Na yale mashimo, mnayafanyaje?"
Tuovi akaitazama glasi, imepinduliwa kwenye kitambaa,
mwanga wa taa ya barabarani umenasa ufani.
"Glasi inabaki na nyumba," akasema,
na papo hapo hakujua
kama amepandisha bei
au ameishusha.