Kwa Mkaguzi, Kuhusu Mashine Tuliyonunua

Umeuliza kwa barua yenye muhuri
kwa nini ofisi ya ardhi hapa Oruro
haikuchukua ya bei ya chini.
Fomu yako imeniachia mistari miwili ya maelezo.
Samahani. Nimegeuza karatasi, naandika upande wa pili.

Ile ya zamani tuliiita Mama Mkwe:
ililalamika kabla ya kazi, katikati ya kazi na baada ya kazi.
Mwezi wa Juni, baridi ikifika kwenye mizizi ya meno,
Primitiva Huarachi aliivika blanketi la mwanawe
ndipo ikubali kuamka.
Ilikata roho kwenye ramani ya mia nne na kumi na moja
kati ya mia tisa tulizoahidi.

Wakaja wauzaji na vijitabu vinavyong'aa.
Kijana Anzoleaga, kutoka Cochabamba,
alipanda milima na koti jepesi, akafika midomo ya bluu.
Plota yake, akasema akihema,
huchapa ramani kubwa mia mbili kwa saa.
Mkurugenzi aliirudia tarakimu ile
kama mtu anayelamba kijiko.
Mia mbili! Mimi nikawaza mbio za sakafuni,
nikaanza kuutafuta ukingo.

Ukingo ulikuwa ukurasa wa thelathini na nane,
kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
itumike hadi mita elfu tatu juu ya bahari.
Sisi tuko elfu tatu na mia saba.
Anzoleaga akasoma, akasoma tena,
akaomba kiti.
Tukampa chai ya koka. Naye ni mtoto wa watu.

Ya pili ndiyo hiyo rahisi unayoiulizia.
Tuliijaribu kwa kipande cha mpaka
kati ya Kollpapata na Tolapampa,
wanaogombea mteremko mmoja tangu enzi za babu zao.
Saturnino Colque, aliyechora kwa mkono
kabla kompyuta hazijatufikia,
aliinamia karatasi na kioo chake cha kukuzia.
"Wino umetambaa."
Kiasi gani?
"Milimita."

Bwana Mkaguzi, kwenye ramani ya moja kwa elfu kumi
milimita moja ni mita kumi.
Mita kumi ni matuta ya viazi ya mjane.
Ni zizi la lama, pamoja na lama.
Watu wamevunjana mikono kwa pungufu ya hapo.

Ya tatu haikuwa na maneno mengi:
ramani sitini kwa saa, mchana kutwa, usiku kucha;
haitumii wino wa maji, ni poda inayochomwa kwa joto;
na wenzake wanachapa migodini, juu kuliko sisi.
Bei, naam, ilizidi kwa asilimia kumi na tisa.

Tulikuwa bado tunabishana
Primitiva alipoingia na roli la karatasi begani.
Roli moja ni kilo kumi na mbili.
Zile nyingine zilitaka uliinue hadi kifuani,
mara ishirini kwa zamu.
Hii droo yake iko kiunoni.
Akaliweka. Akalitoa. Akaliweka tena.
Hakuna aliyekuwa amemwuliza lolote.
"Hii," akasema, akaenda kunawa mikono.

Jedwali la tenda lina safu ya kasi, ya bei, ya dhamana.
Halina safu ya mgongo.
Niliiongeza kwa penseli; ndiyo ile
uliyoizungushia wino mwekundu.

Mwezi wa Agosti alikuja mama mmoja wa Tolapampa
kuchukua nakala yake.
Hakuitafuta kwanza nyumba yake.
Alilamba kidole, akakibonyeza juu ya mpaka,
akasugua kwa nguvu, kama anayeng'oa doa.
Akakitazama kidole. Akanitazama mimi.
Akakunja ramani, akaondoka bila kuaga.

Risiti nimeambatanisha.
Nakala ya mpaka ule pia.
Lamba kidole, bwana. Jaribu.