Maranda ya Mashoto

Nilifika bandani Hirvilampi saa tisa alasiri,
giza tayari limeshatua mzigo wake.
Huku mwezi wa Desemba mchana ni mgeni wa mlangoni:
hodi yake na kwaheri yake ni neno moja.

Vidole nilikuwa navyo kwa hesabu tu.
Nilivihesabu kwa macho, kumi,
maana kwa kugusa nisingepata hata kimoja.
Barafu ya mto ilikuwa imenipasukia, nikazama hadi magotini,
suruali ikaganda ikawa mbao,
nikaja kama mlango unaotembea.

Banda lenyewe kuta tatu, upande wa nne ni msitu.
Mbele yake duara la mawe, jivu limelala chini ya theluji.
Nikapapasa juu ya boriti, pale desturi inapokaa:
anayeondoka humwachia anayekuja
kuni kavu, na kijiti kilichochongwa
kikaota manyoya, tayari kwa njiti ya kwanza.
Hakuna jina. Hakuna asante.
Ni deni linalozunguka msituni likimtafuta wa kulilipa.

Kijiti kilikuwapo.

Msonobari, wa moyo wa kisiki, mwekundu kwa ulimbo.
Nikakisogeza kwenye taa ya kichwani
na manyoya yake yalikuwa yamejikunja
upande usio wa watu wengi.

Mashoto.

Tulikuwa wawili, Hilkka na mimi,
na baba Taavetti kwenye gogo, katikati yetu,
kisu kimoja kikipita mkono hadi mkono.
"Ubavu wa kisu ulale," alisema. "Usisukume kwa hasira.
Teremka, na kabla hujafika mwisho, simama.
Kukata kila mtu anajua.
Kazi ni kuuacha unyoya umeshika."
Wangu ukadondoka. Wa pili ukadondoka.
Maranda mapajani kama nimenyoa kondoo.
Hilkka, kwa mkono ule ule ambao mwalimu aliuchapa rula,
alitoa ua.

Miaka tisa hatujasemeshana.
Sababu ni mashua. Naam, mashua,
inayovuja, isiyofika bei ya injini yake.
Baba alipozikwa yeye aliiuza, na mimi nikasema neno
ambalo nililisukuma mpaka mwisho wa kijiti.

Sasa niambie, nikichome?
Nilikishika kwa viganja viwili kama kifaranga.
Nikawaza kukitia kifuani, niende nacho nyumbani,
nikiweke dirishani karibu na redio.
Lakini meno yalikuwa yanagongana,
na kijiti hakichongwi ili kitazamwe.
Njiti ya kwanza ikavunjika. Ya pili
ikashika ncha ya unyoya mwembamba kuliko yote,
ule uliochongwa mwisho,
na moto ukapanda unyoya kwa unyoya
kama mtu anayesoma barua kwa sauti ya chini.

Nililia? Moshi.

Asubuhi theluji ilikuwa ya buluu.
Soksi zimekauka, zinanuka mbwa.
Nikapasua kipande cha msonobari, nikakaa,
nikalaza ubavu wa kisu.
Wa kwanza ukadondoka. Nina miaka hamsini na minne.
Wa tano ukabaki. Wa sita.
Yote yamejikunja kwa mkono wa kulia, manene, mabaya,
lakini yameshika.
Nikakipachika juu ya boriti, pale pale.

Huenda akapita mwindaji.
Huenda wakapita vijana wawili wapendanao
wakakichoma bila kukitazama, na iwe heri,
wapate joto.
Ila mimi namjua Hilkka:
hachomi kitu kabla hajakigeuza mkononi.